Ukipandisha sauti Makadara

Kelele nyingi za kortini hazizaliwi na hukumu. Huzaliwa na tarehe. Umetoka Kayole kabla jua halijachomoza, kibanda umemwachia jirani, nauli imepanda kwa sababu ya mvua, na umekaa kwenye benchi tangu saa mbili na nusu, simu umezima kama ulivyoambiwa. Jina lako linasomwa saa tano na dakika arubaini. Unasimama. Mwendesha mashtaka anasema shahidi hajafika. Hakimu anaandika, anataja siku fulani miezi mitatu mbele, na kabla hujapata la kusema karani ameshaita jina la mwingine. Dakika mbili, mambo kwisha. Hapo ndipo mdomo hujifungua wenyewe.

Mimi si wakili. Nimekaa kwenye benchi za korti kwa kesi yangu mwenyewe mara moja, na mara nyingi zaidi kumsindikiza jirani, mpangaji mwenzangu au mtoto wa dada. Huku Eastlands ya Nairobi, kuanzia Shauri Moyo hadi Dandora, mtu akisema "nimeitwa Makadara" hakuna anayemuuliza ni Makadara gani; ni korti. Na nimeona watu walioingia kortini na kesi nzuri wakatoka na kesi mbili, ile ya pili wamejitengenezea wenyewe kwa ulimi. Makala haya ni ya kukuepusha na hiyo ya pili. Lakini yana neno pia kwa anayeketi kule juu, maana si kila sauti iliyopanda ni dharau, na hakimu anayewahi kuadhibu hukosea pia.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu tunaijua kwa uvumi tu.

Kudharau mahakama kuna milango miwili. Wa kwanza ni kukaidi amri: korti imesema usibomoe ukuta, ukabomoa, imesema mtoto apelekwe kwa mama yake, ukamficha. Hayo hutendeka nje, huletwa kwa ombi na hati ya kiapo, na husikizwa kwa mpango. Mlango wa pili ni kufanya fujo hakimu akiona kwa macho yake, na huo ndio unaowanasa watu wa kawaida. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 kinayataja mambo yenyewe: kumshambulia, kumtisha au kumtukana hakimu, mfanyakazi wa korti au shahidi, kukatiza au kuzuia shughuli za korti, na kukataa bila sababu halali kufuata agizo linalotolewa kesi ikiendelea. Kanuni ya Adhabu nayo, kifungu cha 121, inagusa utovu wa heshima wa maneno au wa mwenendo, na haikomei ndani ya chumba. Inafika mpaka kwenye uwanja wa korti. Kwa kifungu hicho cha 121, kosa likitendeka mbele ya hakimu, anaweza kukuweka ndani na kukuhukumu siku hiyo hiyo kabla korti haijafunga: faini isiyozidi shilingi 1,400, na ukishindwa kulipa, kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Usiicheke hiyo elfu moja na mia nne. Kosa lilo hilo likifunguliwa mashtaka kwa njia ya kawaida linaweza kukufikisha kifungo cha miaka 3.

Bunge liliwahi kuyakusanya mambo haya katika sheria moja, Sheria ya Kudharau Mahakama ya mwaka 2016. Novemba 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaifuta, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa na kwa kuwa iliingilia uhuru wa mahakama. Kwa hiyo ukimkuta mjuaji pale langoni anakusomea vifungu vya 2016 kwenye simu yake, mshukuru uendelee na safari.

Sasa jiulize: uwezo huu wa ajabu, wa mtu mmoja kuwa mlalamishi, shahidi na mwamuzi kwa dakika ile ile, uliwekwa kwa ajili ya nani? Ukiuliza vijiweni utaambiwa ni kwa ajili ya heshima ya hakimu. Hata mahakimu wengine wanaamini hivyo, nadhani, na kuamini hivyo ndiko kunakoleta makosa. Heshima ya hakimu ina ulinzi wake mwingine: kiti cha juu, askari mlangoni, mshahara, na watu mia moja wanaosimama akiingia. Haihitaji kulindwa na kifungo cha mama aliyelia kwa sauti.

Uwezo huu ni wa foleni. Tazama orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani. Jina lako ni moja kati ya mengi. Chini yako kuna kijana aliyeletwa na karandinga kutoka rumande ya Industrial Area, amefungwa pingu na mtu asiyemjua, na leo mama yake amekuja na hati ya gari la mjomba ili amtoe kwa dhamana. Ukipiga kelele nusu saa, korti ikasimamishwa, askari wakaitwa, hakimu akaenda ofisini kutulia, wewe utarudi Umoja jioni ukiwa umechoka. Yule kijana atarudi rumande. Hajakutukana, hakujui, na umemla siku yake. Kipimo changu, kwa hakimu na kwa mwenye kesi, ni hicho: umezuia haki ya nani? Kama jibu ni hakuna, basi hakuna cha kuadhibu, hata kama maneno yalikuwa machungu. Kama jibu ni shahidi aliyeogopa kuendelea, au watu ishirini walioahirishiwa kesi kwa ajili yako, hapo hakimu akinyamaza amewakosea hao.

Huwezi kuandika juu ya sauti zilizopanda Makadara ukaruka Alhamisi ya tarehe 13 Juni 2024. Siku hiyo Hakimu Mkuu Monica Kivuti alikuwa akisikiza kesi ya mwanamke aliyeshtakiwa kupata shilingi milioni 2.9 kwa njia ya udanganyifu. Mshtakiwa alikuwa ameruka dhamana, hakimu hakuridhika na maelezo yake, akaifuta. Hilo ni jambo linalofanyika kortini karibu kila siku ya kazi. Mume wa mshtakiwa, afisa wa polisi aliyekuwa mkuu wa kituo cha Londiani, akatoa bastola akampiga hakimu risasi. Polisi wenzake wakamuua palepale. Hakimu Kivuti alifariki kutokana na majeraha yake, na Jaji Mkuu Martha Koome akalitangazia taifa kifo hicho.

Kitendo kile hakikuwa dharau ya mahakama; kilikuwa mauaji, na sitakichanganya na mama mboga aliyebisha kuhusu tarehe. Nakitaja kwa sababu kimebadilisha hewa. Hakimu anayekaa Makadara leo anajua kilichompata mwenzake, na aliyekifanya alikuwa mtu wa familia ya mshtakiwa, kwa sababu ya amri ya kawaida kabisa. Ukiinuka ghafla, ukaenda mbele ukinyoosha kidole, wewe unajua kwamba huna kitu mfukoni ila nauli. Yeye hajui. Askari naye hajui. Kwa hiyo shauri langu la kwanza la mwili, kabla ya la ulimi: simama pale pale ulipo. Mikono ionekane. Usikaribie meza ya karani hata kama unataka tu kuonyesha risiti. Inua risiti juu, askari atakuja kuichukua.

Na kwa mheshimiwa aliye juu: hofu hiyo ni ya haki, lakini woga si ushahidi. Dawa ya bastola ni ukaguzi langoni. Mtu aliyekaguliwa mlangoni, akaingia, akapaza sauti kwa uchungu, hastahili kulipia kosa la mwingine.

Ni lini basi aadhibiwe? Mimi ningesema kuna mambo mawili ambayo hakimu hana haja ya kuyavumilia hata mara moja. Kumtisha shahidi ni la kwanza, hata kwa ishara, hata kwa kumtazama jirani yako wa ploti na kupitisha kidole shingoni. Huku kwetu shahidi na mshtakiwa hupanda ngazi moja usiku. Tishio la kortini halimaliziki kortini. La pili ni kunyanyua mkono au kurusha kitu. Hayo hayahitaji onyo.

Mengine yote yanahitaji. Onyo liwe wazi, kwa lugha anayoielewa aliyeonywa, na liseme kitakachofuata. "Ukiendelea nitakuweka ndani mpaka korti iishe" ni onyo. Kugonga meza na kukunja uso si onyo. Baada ya onyo, akiendelea, atolewe nje kwanza, au akae seli mpaka mchana damu ipoe. Ndipo aletwe tena, aambiwe alichofanya, aulizwe kama ana la kusema. Mara nyingi atakuwa na neno moja tu, samahani, na kesi hiyo imeishia hapo. Hakimu anayeandika kifungo palepale, mate ya hasira hayajakauka, anaandika kwa niaba yake mwenyewe.

Kuna kisa cha Uingereza cha miaka ya sabini ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Karani mmoja kijana, aliyechoshwa na kesi ndefu katika korti ya St Albans, alipanga kufungulia gesi ya kuchekesha kwenye mabomba ya hewa ili mawakili waangue vicheko. Aliiba mtungi, akakamatwa kabla hajaufungulia. Jaji akampa miezi sita kwa kudharau mahakama, naye kijana akamrushia jaji maneno ambayo hata kijiweni yangeleta ugomvi. Mahakama ya Rufaa, akiwemo Lord Denning, ikamwachilia baada ya siku 14 ndani. Hawakusema alifanya vizuri. Walisema uwezo wa kuadhibu palepale ni wa dharura, na dharura haikuwapo: kijana ameshakamatwa, mtungi umeshachukuliwa, wizi wenyewe una kesi yake. Lile tusi, wakaliacha lipite. Sijui ni mahakimu wangapi wangeweza kuliacha lipite, lakini hiyo ndiyo kazi.

Kulia hakuadhibiwi. Kuuliza swali lisilo na umbo la kisheria hakuadhibiwi. Kusema "Mheshimiwa, sikubaliani" hakuadhibiwi. Na kusema nje, barabarani au kanisani, kwamba hakimu amekosea katika uamuzi wake, hilo ni haki ya raia, mradi humzulii rushwa usiyoweza kuithibitisha. Wakati wa kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, wakili wa Jomo Kenyatta, D. N. Pritt, alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London akilalamikia jinsi haki ilivyokuwa ikinyimwa. Serikali ya kikoloni ikamshtaki kwa kudharau mahakama. Akashinda. Ikiwa aliweza kushinda mbele ya majaji wa mkoloni, katika hali ya hatari, wewe usiogope kusema kwa adabu kwamba hukuridhika.

Fujo nyingi ninazoziona zina mzizi mmoja ambao hautajwi sana: lugha. Wakili na mwendesha mashtaka wanazungumza Kiingereza cha haraka, hakimu anajibu kwa Kiingereza, mzee wa Kaloleni amesimama katikati kama mgeni kwenye harusi ya watu. Anasikia jina lake na neno "miezi". Anadhani amefungwa. Anapiga kelele. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema wazi kwamba lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumika. Kwa hiyo, mara tu jina lako likiitwa, kabla jambo lolote halijasemwa, sema: "Mheshimiwa, naomba kesi yangu iendeshwe kwa Kiswahili." Sema hivyo hata kama Kiingereza unakijua cha kununulia mafuta. Cha kununulia mafuta hakitoshi kujitetea. Na ikiwa lugha yako ni Kisomali au Kiluo au ya ishara, taja hiyo. Mtu aliyeelewa kinachosemwa hupandisha sauti mara chache.

Sasa, maneno ya kutumia. Nimeyakusanya kwa miaka na yanafanya kazi kuliko ngumi ya meza.

Kesi ikiahirishwa bila wewe kuambiwa sababu: "Mheshimiwa, kwa heshima, naomba kujua sababu ya kuahirishwa." Ikiwa ni mara ya tatu: "Naomba korti iandike kwamba nimefika na mashahidi wangu, na hii ni mara ya tatu upande wa mashtaka hauko tayari." Lishike sana neno hilo, iandike. Jaji wa Mahakama Kuu atakayesoma rufaa yako hatasikia sauti yako, atasoma faili. Kilio chako hakimo. Ukipayuka, kitakachoandikwa ni kwamba ulipayuka. Ukiomba iandikwe, umeweka jiwe ambalo mtu mwingine atalikuta.

Ukihisi hakimu ana uhusiano na upande wa pili, sema: "Mheshimiwa, naomba ujiondoe katika kesi hii," halafu toa sababu kwa utulivu. Usiseme amekula. Ukisema amekula mbele ya korti nzima, ombi lako zuri limegeuka kosa, na sasa yeye ndiye mwenye haki ya kukuuliza uthibitishe.

Kama umeonywa, nyamaza hata kama una haki. Hesabu vidole. Omba kuketi. Kama umeshavuka mpaka, omba msamaha mapema, na mfupi: "Mheshimiwa, nimekosa, naomba radhi kwa korti." Usiongeze "lakini". Watu wetu hupenda kuomba msamaha kwa kueleza kwa nini walikuwa sahihi. Huo ni mwanzo wa mabishano mapya. Mwaka 1970 wanafunzi wa Wales waliivamia korti ya London wakaimba katikati ya kesi isiyowahusu, wakidai lugha yao iheshimiwe. Walioomba radhi walitozwa faini wakaenda zao. Waliokataa walipewa miezi mitatu, na ingawa waliokata rufaa walitolewa siku chache baadaye, usiku wa kwanza gerezani ulikuwa wao. Sisemi wasingekuwa na msimamo. Nasema ujue bei yake kabla hujakataa, na ujue kama unalipa kwa ajili ya lugha ya taifa lako au kwa ajili ya tarehe ya kesi ya deni.

Usisahau uliokuja nao. Nimegundua kwamba mwenye kesi mara nyingi hunyamaza. Anayelipuka ni dada yake. Basi ukienda na watu, zungumza nao kwenye matatu, si mlangoni. Waambie kitakachoweza kutokea: huenda dhamana ikakataliwa, huenda ikafutwa, huenda tarehe ikawa mbali. Mtu aliyetarajia baya halimwangushi. Aliye na moyo mwepesi akae karibu na mlango atoke akizidiwa. Simu zizimwe kabisa, maana kijana wa siku hizi akiona jambo mkono wake unakwenda kurekodi kabla kichwa hakijaamua, na kurekodi korti bila ruhusa kutamfanya alale ndani yeye aliyekuja kuangalia tu. Kesi za mtandaoni nazo, tulizozizoea tangu korona ya 2020, zina aibu zake: maikrofoni imesahauliwa wazi, utingo anaita "beba, beba", na mshtakiwa anamwambia jirani wa kiti kwamba "huyu hakimu hajui kitu". Korti imesikia yote. Tafuta mahali patulivu, zima maikrofoni, na ukumbuke kwamba kule kwenye kioo pia ni kortini.

Kuna mtu mwingine, ambaye ushauri wote huu haumhusu, kwa sababu fujo kwake ni mbinu. Kila kesi ikikaribia kusikizwa anamfukuza wakili, anazimia, anatukana ili hakimu akasirike ajiondoe, na faili ianze upya kwa mwingine. Hapo nawaunga mkono mahakimu wawe wakali, lakini wakali kwa akili. Katiba yenyewe imetoa njia: mshtakiwa ana haki ya kuwepo kesi yake ikisikizwa, isipokuwa mwenendo wake uwe unaifanya kesi isiweze kuendelea. Yaani anaweza kutolewa, kesi ikaendelea, akarudishwa akiahidi kutulia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifikia mawazo kama hayo mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya Jaji Julius Hoffman wa Chicago kumfunga mshtakiwa Bobby Seale kwenye kiti na kumziba mdomo mbele ya dunia nzima. Picha ya mtu aliyezibwa mdomo kortini haikuipa korti ile heshima. Ilimpa Seale. Mvurugaji wa makusudi anataka kifungo cha dharau, kwa sababu nacho ni kesi nyingine ya kukatia rufaa na kuchelewesha ile ya kwanza. Mnyime. Mtoe nje, endelea na shahidi. Na kwa yule anayefungua kesi mpya kila mwezi dhidi ya jirani yule yule juu ya ukuta ule ule, ipo Sheria ya Kesi za Usumbufu, ambayo Mwanasheria Mkuu anaweza kuitumia kuomba Mahakama Kuu imzuie asifungue nyingine bila ruhusa.

Najua swali mnalotaka kuniuliza, maana huulizwa kila nikilitaja jambo hili Buruburu au Huruma. Mbona wakubwa wakidharau korti wanalala kwao? Machi 2018 Jaji George Odunga aliwatoza Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali Joseph Boinnet na mkuu wa uhamiaji shilingi 200,000 kila mmoja katika sakata la wakili Miguna Miguna. Miguna alikuwa ameshasafirishwa nje. Novemba 2021 Jaji Anthony Mrima alimpa mkuu wa upelelezi George Kinoti miezi minne kwa kutorudisha bunduki za mfanyabiashara Jimi Wanjigi, hakuitumikia. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimpa kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli miezi sita kwa kukataa kufika kortini. Walinzi wa jaji wakaondolewa, Masengeli baadaye akafika, akaomba radhi, na adhabu ikafutwa. Nanyi mkipaza sauti mnalala seli leo leo.

Malalamiko hayo ni ya kweli na sitayapamba. Tofauti ya kisheria ipo: wale walikaidi amri, mlango wa kwanza, wenye safari ndefu ya maombi na rufaa, ninyi mko kwenye mlango wa pili, ulio mfupi. Lakini mpangaji wa Pipeline hali tofauti za kisheria. Anachoona ni kwamba mwenye bendera kwenye gari alipewa nafasi ya kuja kujieleza, akasamehewa alipokuja. Basi tudai nafasi hiyo hiyo kwa aliyekuja na matatu. Jaji Mugambi hakukosea kumsamehe aliyefika akatubu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe kwa kila mtu. Ila usiyaseme haya kortini siku ya kesi yako. Nimemwona mzee mmoja akiyasema, kwa ufasaha kabisa, na kila mtu kwenye benchi alikuwa akitikisa kichwa kumkubali. Alimaliza siku seli.

Ukishatoka, na moyo bado unachemka, usiende moja kwa moja kwa anayejiita mtu wa korti pale nje akikuahidi kwamba anamjua karani. Hesabu siku. Rufaa ya jinai ni ndani ya siku 14. Rufaa ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 30. Kama lililokukera ni amri fulani iliyotolewa kinyume cha sheria katikati ya kesi ya jinai, Mahakama Kuu inaweza kuliita faili na kulipitia upya bila kusubiri mwisho. Kama lililokukera ni mwenendo, yaani hakimu anakutukana, anachelewa kila siku, faili limepotea, hiyo si rufaa. Ipeleke kwa msimamizi wa malalamiko wa Idara ya Mahakama, au kwa Tume ya Huduma za Mahakama ikiwa ni zito. Andika namba ya kesi, tarehe, chumba, na kilichosemwa. Malalamiko yasiyo na tarehe ni porojo. Na kama huna wakili na kesi ni kubwa, uliza kuhusu msaada wa kisheria wa serikali ulioanzishwa na sheria ya 2016 kabla hujauza friji.

Jirani yangu mmoja, fundi wa nguo, alishtakiwa na mteja juu ya kitambaa kilichoharibika. Mara ya kwanza mlalamishi hakufika, ikaahirishwa. Mara ya pili hivyo hivyo, na hapo nikamshika mkono wa gauni kwa sababu nilimwona akivuta pumzi. Akaketi. Akasimama tena, akasema kwa Kiswahili kile cha shule, polepole: "Naomba iandikwe kwamba nimefunga duka siku mbili." Hakimu alimtazama, akaandika. Mara ya tatu mlalamishi alituma ujumbe kwamba yuko safarini. Hakimu akafungua faili nyuma kurasa mbili, akasoma alichoandika mwenyewe, na akakataa kuahirisha.

Tulitoka nje saa nne na robo. Akaniuliza kama duka likifunguliwa saa tano bado wateja wa asubuhi watakuwepo.